Macho Yaliyokamatwa kwa Kufanana

Wateja wa Mama Mshono, fundi cherehani wa chumba cha nyuma ya soko, walianza kumwogopa bila yeye kuwafanya lolote. Mtu alikuja kulalamika kuwa mkono wa gauni ni mfupi, akamtazama fundi usoni mara moja, kisha akajikuta anasema, "Hata hivyo limenipendeza." Macho yalikuwa yamemtoka fundi huyo kama ya mtu aliyemfumania mwizi jikoni, na kope hazikufunga vizuri hata akilala. Hasira hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni hamu ya mwanawe.

Binti huyo wa pekee alikuwa kazini nchi ya mbali, na wawili hao waliishi kwa simu. Zamani walionana kwa video. Macho yalipoanza kutoka, mama akazua uongo: kamera imekufa. Alitaka mtoto abaki na ile sura aliyoondoka nayo. Binti hakubisha hata kidogo, na hilo nalo likamuuma mama.

Hospitali walimpima damu wakakuta tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Daktari, msichana mwenye maneno ya taratibu, alimweleza.

"Mama, mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, tunawaita kingamwili. Wa kwako wameigeukia tezi. Sasa nyuma ya macho kuna nyama zenye alama inayofanana na ya tezi, na askari wakazivamia nazo. Zimevimba, zinalisukuma jicho nje."

"Yaani macho yangu yamekamatwa kwa kufanana na mhalifu?"

"Na huyo mhalifu mwenyewe hana kosa, mama."

Wakacheka. Halafu daktari akaongeza kuwa ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo, kwa hiyo amwambie binti yake apime. Mama Mshono akaitikia vizuri, akaenda nyumbani, akanyamaza. Kumwambia kungekuwa kumwonyesha na uso.

Vidonge vya daktari vilituliza mapigo ya moyo na mikono ikaacha kutetemeka, lakini macho yaligoma. Akaanza kuona kila kitu kimoja kama viwili. Baada ya kushona mfuko juu ya mfuko, alijikatia kipande cha kitambaa cha bitana akaziba jicho la kushoto, kazi ikaendelea. Jioni alisubiri simu.

"Nguo ulizonishonea zinanipwaya, mama," binti alisema siku moja. "Sketi ya bluu nimeibana kwa pini."

Cherehani ikasimama. Sketi ile aliikata mwenyewe, na kiuno cha mwanawe alikijua kuliko cha kwake.

"Huli?"

"Nakula kama mchwa! Na joto hili, wenzangu wamevaa sweta mimi natoka jasho."

Mama alijua mwili unaokula huku ukipungua. Ulikuwa wake mwaka jana. Akavua kitambaa cha jichoni, akafungua kamera kabla woga haujamrudia.

"Mama, nani amekuudhi?" binti akauliza.

"Hakuna. Fungua na wewe."

"Mtandao wa huku..."

"Fungua, mwanangu."

Mabinti wawili wakatokea kwenye kioo cha simu. Akafumba jicho moja ili abaki na mmoja. Uso ule ule, mwembamba zaidi, na macho yenye mshtuko wa mtu aliyeitwa ghafla. Alikuwa ameutamani uso huo mpaka akauota, na sasa alitamani asingeuona hivi.

"Sikutaka ujue nimekonda," binti alisema akilia. "Moyo unanienda mbio, usingizi sipati. Nilidhani ni kukukumbuka wewe."

Mama Mshono angetoa chochote iwe hivyo.

"Kunikumbuka hakumtoi mtu macho," alisema. "Kesho nenda hospitali ukapime tezi, uwaambie mama yako anaumwa nayo. Sasa sogea kwenye taa, nikutazame."