Ncha Mbili za Mkate

Huyo mama anayewatembeza wageni katika soko la Krismasi la Dresden, namsikia kabla sijamwona: "Jamani, twendeni, vitapoa!" Hupita mbele ya kibanda changu cha lozi akitembea kinyumenyume, kijiko cha mbao juu, wageni wakimfuata huku wanatafuna soseji. Akifika kwa Gundula, mwokaji mikate, hudai kisu akate mwenyewe. Mkate wa Krismasi, mzito kwa zabibu kavu, mweupe kwa sukari, huukata kuanzia katikati, halafu huzibana nusu zilizobaki zigusane. "Hivi haukauki," husema, "na ncha ni ngumu, hazifai wageni."

Jana vipande viliisha kabla ya kumfikia babu mmoja mwenye masharubu. Zilibaki ncha mbili tu. Babu akaomba moja. Mama akazifunika kwa viganja kama kuku aliyelalia mayai.

Gundula akacheka mpaka akashika meza. "Mpe, dada! Miaka kumi na moja unawadanganya watu, kumbe unajilia mwenyewe nyuma ya kibanda changu!"

Kicheko kikalipuka. Mama akatoa moja, uso umemwiva kwa aibu. Babu akatafuna, macho kayafumba.

"Si ngumu?" mama akauliza.

"Ngumu sana," akajibu babu, sukari imemjaa masharubuni. "Lete na hiyo nyingine."