Mchana Niliojua Ninaota

Juzi nilimwona binti yangu amelala kochini, kope zikimchezacheza, nikakumbuka mchana mmoja kwa dani, nyanya yangu, kule Awendo. Nilikuwa nimelala mkekani, chumba kikinuka miwa iliyochemshwa kiwandani. Ndotoni babu aliingia, akaketi kando yangu. Nikakumbuka kwamba tulishamzika, nikajua ninaota. Nilijaribu kuamka nikashindwa. Niliyasikia malori ya miwa yakipita, na dani akifagia uani, lakini sauti haikunitoka. Leo najua ulikuwa usingizi tu. Siku hiyo nilidhani nami nimekufa.

Dani aliponitikisa, nilimweleza jinsi babu alivyokuja kuketi kando yangu.

“Bado anakohoa?” akauliza.

“Hapana, dani.”

“Asante Mungu,” akasema, akalia. Hapo nikazidi kuogopa, maana sikuwahi kumwona akilia.