Mlima Uliokuwa Ndani ya Kaseti

Paskazia Chenge ni fundi wa redio na televisheni huko Kirumba, Mwanza, mwaka wa thelathini sasa. Kabla ya hapo alikuwa karani wa parokia moja huko Magu. Mwaka 1989, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akipiga chapa majina ya wabatizwa. Padri mgeni wa pale alikuwa na kompyuta ndogo, kibodi tu, ya kuchomeka kwenye televisheni, inayosoma michezo kutoka kwenye kaseti. Kazi ikiisha, padri alimruhusu Paskazia kucheza.

Mchezo ulikuwa mmoja. Kijitu chenye kofia kinapanda mlima, kikiruka ngazi hadi ngazi, chumba hadi chumba, vyumba ishirini na vinne. Kikigusa popo, unaanza upya. Ilimchukua miezi mitano. Siku kijitu kilipofika kileleni kilisimama, kioo kikawa cheusi, basi. Paskazia akazima, akakimbilia jikoni kwa Suzana, mpishi.

"Dada, nimemaliza!"

"Umekuta nini huko juu?"

"Giza."

Suzana alicheka hadi akauweka mwiko chini. "Miezi mitano unatafuta giza?"

Mwaka jana parokia ilisafisha stoo. Suzana, bibi wa wajukuu sasa, aliikuta ile kompyuta na kaseti yake kwenye vitu vya kutupwa. Akaviomba, akavituma Mwanza kwa basi. Paskazia alibadilisha kapasita mbili, akasafisha vitufe kwa spiriti, akaunganisha na TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mrefu. Kaseti ikapiga kelele dakika nne nzima, mchezo ukipakiwa, kisha mlima ukatokea.

Akawa anacheza wateja wakipungua. Vidole vilikumbuka kuliko kichwa. Wiki ya tatu, mchana, alifika kileleni. Kijitu kikasimama. Giza.

Alinyoosha mkono azime, lakini Josephat, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, akaingia kuchukua redio yake. Paskazia akaitafuta, akaijaribu stesheni moja moja mteja aridhike. Dakika kumi zikapita.

"Mama," Josephat akasema, "kwenye TV yako mbona kuna nyota?"

Paskazia akageuka. Kweli, nyota zilikuwa zinawaka, moja, kimya, halafu nyingine. Zilipojaa, upande wa chini wa kioo ukaanza kuwa mwekundu, ukawa wa manjano, kukapambazuka. Chini ya kilele vikaonekana vyumba vyote alivyopita, vidogo kama punje za mchele, kila kimoja na ngazi zake. Kijitu kikavua kofia, kikakaa chini kutazama.

Paskazia alisahau kudai pesa yake. Josephat naye alisahau kuichukua redio.

Akampigia Suzana simu. Jumatano Suzana akaja kutoka Magu. Wakasalimiana, wakanywa chai, na Paskazia akacheza upya, akianguka mara mbili kabla ya kufika. Kioo kilipokuwa cheusi, Suzana alimtazama.

"Tusubiri tu, dada," Paskazia akasema.

Wakasubiri. Kulipopambazuka, Suzana aliziba mdomo kwa kiganja.

"Miaka yote hii vitu hivi vilikuwa humo?"

"Vilikuwa humo."

"Na aliyeviweka, alijua kuna mtu atasubiri?"

Suzana akasogeza kiti mpaka karibu na kioo, akaweka kidole kwenye chumba cha chini kabisa.

"Hapa ulipita?"

"Nilipita."

"Na hapa?"