Jogoo wa Bure, Mpigie Mwenyewe

Kila Jumamosi mama mstaafu wa posta huingia kwenye duka la Orrin kununua chakula cha kuku, miguu imejaa michubuko. Mbwa wa mji mzima hawakumtisha, lakini bandani kwake huingia amejikinga na jogoo wake kwa mfuniko wa pipa la taka. "Mwezi huu haumalizi," husema, akitoa manyoya kwenye sweta. "Jana kanikimbiza mpaka jikoni, mshenzi yule."

"Si umchinje, mama?"

"Halafu asubuhi nigombane na nani?"

Tangazo lake liko ukutani tangu majira ya kuchipua: jogoo, bure, kwa mtu mwenye subira. Chini amelikatakata vipande vyenye namba ya simu, watu wachane waondoke navyo. Kilipobaki kimoja, Orrin alimhurumia, akapiga mwenyewe. Akapokea mwanamume asiyemjua. "Sina jogoo, bwana," akasema kwa uchovu. "Wewe ni wa tisa."

Leo mama huyo, aliyesambaza barua miaka thelathini bila kukosea nyumba, ameleta tangazo jipya.

"Namba ni ileile?" Orrin akauliza.

"Ileile," akajibu, akichagua mahindi yale ya bei ghali.