Picha ya Msomaji

Mhariri wa jarida la mastaa pale Kebirigo ana vidole vyeusi kwa wino, huvilamba kabla ya kufunua ukurasa. Akitaja mwimbaji wa Nairobi hushusha sauti kana kwamba anamtaja shemeji yake, ilhali hajamwona hata mmoja. Talaka zao zote anazijua. Juzi Eucabeth, mchuma chai wa Itumbe, alimletea picha ya marehemu mumewe, akaomba itoke kabla ya mazishi.

“Pole, mama. Lakini alikuwa maarufu?” akauliza bila kuinua kichwa.

“Kwako alikuwa. Wasomaji wengine wote unawagawia jarida bure. Ni yeye tu aliyekuwa ananunua.”

Mhariri akaitazama picha. Akalamba kidole, akaisukuma kando.

“Na ameacha mtoto anayejua kusoma?”