Kichaka cha Mzee Garama

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na baba mkwe wangu, Garama, nilimtilia shaka tangu niolewe hapa Ganze. Mzee mkimya, mvi kichwa kizima, macho mekundu kwa moshi wa kuchoma makaa miaka arobaini. Kila vuli, mvua ikishanyesha mara mbili tatu, huyoo porini na jembe begani. Ukimwuliza, "Natembea tu." Ebo! Nani anatembea na jembe?

Mwaka huu mimba yangu ya tatu iliharibika. Nilikuwa na uchungu, nikataka mtu wa kumlaumu. Asubuhi moja nikajifunga leso kiunoni, nikamfuata kwa kunyatia.

Alipita vichaka chungu nzima bila kuvitazama, hadi akafikia kimoja kilichojaa maua meupe. Akacheka peke yake. "Kumbe uko hapa! Bila maua hujulikani." Akaweka shilingi kumi penye shina, akapiga magoti. Kisha nikamsikia waziwazi akitaja jina langu: "Nyevu wa Mwambire."

Nikatoka nilikojificha nikipiga ukelele. "Mchawi wewe! Kumbe ndiwe unayewala wanangu!"

Jembe likamponyoka. "Nyamaza, mwanangu! Hii mizizi ni dawa ya tumbo lako. Mti sharti uambiwe unachimbiwa nani. Mama mkweo, Mungu amrehemu, nilimchimbia hivihivi, akazaa saba."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Baba mkwe ataanzaje kuzungumza na mkwewe habari za tumbo?"

Maneno yake yalikuwa matamu mno kwa mtu aliyefumaniwa, na mimi bado nilimwangalia kwa jicho la pembeni.

Shida ni kwamba ukelele ulishafika mbali. Shemeji yangu Mangi, mtoto wa mzee mwenyewe, akaja mbio na panga mkononi, wenzake wawili nyuma. Nikaingiwa na hofu. Mwaka jana, kijiji cha jirani, mzee alikatwakatwa kwa neno hilohilo nililolitamka.

"Shemeji, tumesikia umemwita mchawi. Amekufanya nini?"

Mzee hakulitazama lile panga. Alinitazama mimi. Na wallahi, sikuwa na hakika naye hata chembe.

"Hasira tu hizo," nikasema. "Dawa ni yangu, mimi ndiye niliyemtuma. Weka panga chini, ushike jembe umsaidie babako kuchimba."