Nilipobisha Hodi Kwetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nainamisha uso, na nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe zote. Ni siku niliyobisha hodi kwenye mlango wa nyumba niliyozaliwa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, karani wa serikali kule Nampula. Kireno nilikuwa nawasemesha hata wasiokijua. Nikatumwa Mocímboa da Praia, mji wetu huu ambao wenyewe twauita Msimbwa, kukagua vitabu vya shule kwa siku nne, mimi na wakubwa wangu wawili, watu wa kusini. Bibi yangu Mwanaisha, aliyenilea tangu mama alipofariki, nilimpelekea habari kwa dereva wa lori kwamba nakuja. Akapaka nyumba chokaa. Akasuka mkeka mpya. Akafunga jogoo kamba mguuni.

Nami nikalala nyumba ya wageni.

Nikwambie kwa nini, maana nasaha ya kufichaficha haimfai mtu. Niliona haya. Wakubwa wangu walikuwa wanalala kwenye nyumba hiyo ya wageni, pensão kwa Kireno, penye kitanda cha springi na chandarua. Nikaogopa wasije wakauliza kwetu ni wapi, wakaonyeshwa nyumba ya udongo yenye choo cha nje, na chanja ya ng'onda, samaki wa kukausha, inanuka mbele ya mlango. Nikajiambia bibi nitamwona kesho. Kesho! Mtu amekungoja miaka miwili, wewe unampa kesho.

Sasa Msimbwa hauna siri, unaujua. Mpishi wa ile pensão alikuwa binti wa jirani yetu. Kabla sijanawa uso asubuhi, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mjukuu wa Mwanaisha amelala kwa kulipia.

Nikaenda, mkononi nina sukari na kanga doti moja. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mlango ule niliuingia kwa kukimbia tangu nilipojua kutembea, lakini asubuhi ile nikasimama nje na viatu vyangu nikasema, "Hodi."

Bibi akaitika kutoka ndani, "Karibu, mgeni."

Uelewe jambo moja, mwanangu. Bibi yangu hakuwahi kuniita kwa jina. Kwa utani wa bibi na mjukuu, nilikuwa mume wake tangu natambaa: mume wangu lete kuni, mume wangu umeoga? Siku ile nikawa mgeni. Akanitandikia ule mkeka mpya. Akatoa sandukuni sahani ya maua, ile ambayo sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa hata kuigusa. Akachukua birika akaninawisha mikono yeye mwenyewe, mzee wa watu, ameinama. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza safari ilikuwaje, na kwenu Nampula hawajambo? Afadhali angenipiga.

Nilipomaliza kula, akajitanda kanga yake akasema mgeni hutembezwa mji, twende.

Akanishika mkono. Kuanzia msikitini mpaka soko la samaki, hatukuruka mlango. Kila nyumba alisema maneno yale yale, kwamba ameleta mgeni wake kutoka Nampula, hajui mji huu, mwelezeni. Na wale watu, wengine walionifuta kamasi kwa mikono yao, walielewa pale pale, na hakuna aliyecheka. Nyumba ya kwanza baada ya msikiti nikaambiwa kisima kilichimbwa na babu yangu mwaka wa njaa. Ya pili nikaonyeshwa chumba alichofia mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Ya tatu ilikuwa ya Bi Saada, mshona kofia. Akanipa maji katika kikombe cha bati cha buluu, akanionyesha jiwe la kizingiti chake. Lilikuwa na tundu katikati, kwa sababu zamani lilikuwa nanga ya mashua ya marehemu mumewe, na mashua ilipooza alilibeba mwenyewe akaliweka mlangoni. Nililikanyaga jiwe lile utoto wangu wote, nisiulize tundu la nini.

Jua likatupanda kichwani. Nilikuwa nalia, na bibi alijua, wala hakugeuka. Mwisho tukarudi mlangoni kwake, akasimama.

"Na hapa ni kwa nani?" akaniuliza.

"Kwetu, bibi."

"Kwenu watu hubisha hodi?"

Nikainama nikavua viatu. Akanitazama, akasema, "Mkataa kwao mtumwa, na mimi sikulea mtumwa. Ingia, mume wangu."

Siku ile ile nilihamisha sanduku langu. Wakubwa wangu nao nikawaleta kula, na mmoja wao zile ng'onda nilizozionea haya aliomba aongezwe. Ujana, mwanangu, una maarifa yake, lakini mengi ni ya bure.

Mengine unayajua. Vita vilipokuja, nami nimekwisha kustaafu na kurudi kuishi hapa, tulikimbia wote, wengine porini kwa miguu, wengine kwa mashua mpaka Pemba yetu ya Msumbiji. Ulitupokea Nampula, mimi na mama yako, ukatupa kitanda chako, ukalala sakafuni na wanao, na hilo Mungu ameliandika. Niliposikia watu wanarudi, nikasema nasi tunarudi. Ukakasirika. Uliniuliza, "Baba, unarudi kwenye nini? Msimbwa imekwisha." Sikukujibu siku ile. Jibu ni hili.

Nilikuta nyasi vyumbani na kuta zimelala chini. Njia ya mtaa wetu sikuiona mpaka nilipouona msikiti. Siku moja nikamkuta mwanamke amesimama katikati ya nyasi, mtoto mgongoni, anauliza kwa kina Saada ni wapi. Alikuwa mjukuu wa Bi Saada. Aliondoka hapa mdogo, na wazee wake wote wamefia ugenini. Huyu anamwonyesha huku, yule kule. Nikarudi msikitini nikaanza kuhesabu, kama bibi alivyonishika mkono: ya kisima, ya mwalimu, ya tatu. Nikaparua nyasi kwa jembe. Jiwe likatokea, na tundu lake katikati.

Yule mwanamke akakaa juu ya lile jiwe akalia, na mimi mzee mzima nikalia naye. Leo pale pana nyumba ya miti na udongo, na jiwe lipo mlangoni. Lakini fikiri, lau bibi angenisamehe tu asubuhi ile, angenikalisha nikanywa chai, jiwe lile nani angelijua? Tunaojua hesabu ya milango tumebaki watatu, na mmoja wetu hasikii tena. Nami goti langu ndilo hili, hata mpaka sokoni nafika kwa kupumzika mara mbili. Wanao hawajauona mji huu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko kuta.

Basi nakuusia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sikwambii uache kazi yako Nampula, na njia ikiwa si salama ngoja, roho zenu ni amana. Lakini njia ikitulia, njoo, wala usingoje msiba. Mtu ajaye kwao kwa mazishi tu, hujua makaburi, milango haijui. Njoo na wanao, wakati bado naweza kuwashika mkono. Pensão imefunguliwa tena, nasikia ina feni. Waachie wenye haja nayo. Kila nyumba mtakayopewa maji, kunyweni, na muulize ilijengwa na nani. Huo mji usiokuwa na kitu ndipo mahali pekee duniani ambapo hutaulizwa wewe nani, maana watakujibia wao.

Mungu akufungulie njia, awakinge wanao na kila shari, na kila aliyetawanyika amrudishe kwenye kizingiti chake. Mama yako amekwisha kusuka mkeka. Ukifika, toa salamu uingie. Hodi usibishe.